Jinsi ya kuazimisha kompyuta yako ya nyumbani kusaka viumbe wa anga za mbali: mwongozo kamili, mwanzo mwisho

Fungua Task Manager ya kompyuta yako sasa hivi uangalie, prosesa iko asilimia 4, au 6, ikizidi sana 10. Nguvu yote iliyobaki imekaa tu inasubiri we ubonyeze kitu. Kuna wanasayansi waliona hicho kinachobaki ni mali, wakaanza kukiomba nyumba kwa nyumba duniani kote, wakaunganisha kompyuta za watu kwa intaneti zikawa kama kompyuta moja kubwa sana ya kuchambua mawimbi yanayoshuka kutoka angani. Mi nimo kwenye hii kazi na laptopu yangu ya mtumba niliyonunua Kariakoo, i5 ya kizazi cha tatu, ram gigabaiti 8, sio mashine ya ajabu hata kidogo. Nataka nikuelekeze namna ya kuingia bila kuunguza mashine yako, bila kumaliza LUKU na bila kumaliza bando, maana maelekezo mengi utakayokuta yameandikwa na watu ambao umeme haukatiki kwao na intaneti hawailipii kwa gigabaiti.

Kwanza ujue hali halisi ikoje

Mradi uliofanya watu wengi waijue hii kitu unaitwa SETI@home (SETI ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kutafuta viumbe wenye akili nje ya dunia). Ulianza tarehe 17 Mei 1999 Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, na waliojiandikisha walizidi milioni 5. Data ilikuwa inatoka kwenye darubini ya redio ya Arecibo kule Puerto Rico, lile sahani la mita 305 lililojengwa kwenye bonde, inarekodiwa kwenye kanda, kanda zinatumwa Berkeley kwa posta kabisa kama kifurushi, kule zinakatwa vipande vidogo vidogo halafu kila kipande kinaenda kwa kompyuta ya mtu nyumbani kwake.

Sasa nakwambia mapema ili usije ukalaumu: SETI@home iliacha kutuma kazi mpya tarehe 31 Machi 2020. Haijafa, imelala, wenyewe walisema wameshakuwa na data ya kutosha na wanataka watulie waichambue. Na wameichambua kweli. Kompyuta za watu zilitoa viashiria kama bilioni 12, wakachuja, wakachuja tena, wakabaki na kama 100 tu vya kurudia kuangalia, wakavielekezea darubini ya FAST ya China yenye kipenyo cha mita 500, kwa sababu Arecibo yenyewe ilianguka tarehe 1 Desemba 2020. Kwa hiyo ukikutana na mtu anakupa programu ya SETI@home ya leo, au anakwambia ulipie kiingilio, au kuna apu inakuahidi hela kwa kutafuta viumbe wa angani, kimbia. Miradi ya kweli haidai hata senti na haikulipi.

Basi tunafanya nini? Tunatumia programu ileile iliyozaliwa na SETI@home, inaitwa BOINC, na tunaiunganisha na miradi ya anga iliyo hai. Mkubwa kuliko yote kwa upande huu ni Einstein@Home, ulioanza Februari 2005, unaendeshwa na taasisi ya Max Planck kule Hannover Ujerumani pamoja na Chuo Kikuu cha Wisconsin pale Milwaukee. Nisikudanganye, Einstein@Home haitafuti viumbe moja kwa moja, inatafuta pulsa, yani nyota zilizokufa zikabaki kiini kidogo kizito kinachozunguka kwa kasi na kupiga mawimbi ya redio kwa mdundo usiobadilika. Lakini undugu wa hivi vitu viwili ni wa damu. Mwaka 1967 Jocelyn Bell alipokuwa mwanafunzi Cambridge aliona alama kwenye karatasi ya rekodi inajirudia kila sekunde 1.337 bila kukosea, na wakati huo hakuna aliyejua kitu cha asili kinachoweza kupiga hivyo, wakaipa jina la LGM-1, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha watu wadogo wa kijani. Ikaja kuonekana ni pulsa, ya kwanza kabisa kujulikana. Na sayari za kwanza kuthibitishwa nje ya mfumo wetu wa jua zilipatikana mwaka 1992 zikizunguka pulsa, kwa kutumia hiyohiyo Arecibo. Kwa hiyo anayekwambia pulsa hazihusiani na suala la maisha nje ya dunia hajafuatilia vizuri.

Kompyuta yako inatafuta kitu gani hasa

Hapa nataka nikae kidogo maana ukielewa hii utaacha kuona ni programu tu inayokula umeme.

Ukizungusha redio katikati ya stesheni mbili unasikia shwaaa. Anga lote linasikika hivyo. Nyota, gesi, joto la mitambo yenyewe, vyote vinatoa kelele iliyotawanyika kwenye masafa mapana. Mtambo uliotengenezwa na mtu, stesheni ya redio kwa mfano, unakaza nguvu yake sehemu moja nyembamba sana. Asili haijulikani kufanya hivyo. Kwa hiyo kanuni ni rahisi, tafuta kitu chembamba kinachotokeza kwenye hiyo shwaaa. SETI@home walisikiliza mkanda wa masafa wa megahezi 2.5 kuzunguka megahezi 1420, ambayo ndo sauti ya haidrojeni, elementi iliyo nyingi kuliko zote, wakiamini kwamba yeyote anayejua sayansi popote alipo atakuwa anaijua namba hiyo. Mkanda huo uligawanywa mara 256, na kila kipande kilichokwenda kwa mtu kilikuwa na sekunde kama 107 za anga.

Ugumu unaanzia hapa. Dunia inazunguka, na hiyo sayari ya huko nayo inazunguka, kwa hiyo sauti haikai palepale, inateleza. Simama pembeni ya barabara kuu lipite basi la mkoani limeshikilia honi, linavyokuja sauti iko juu, likishakupita sauti inashuka, na dereva hajabadilisha kitu. Ndivyo ilivyo kwa mawimbi. Kompyuta yako haijui mteremko ni kiasi gani, kwa hiyo inalazimika kujaribu mteremko mmoja, inapiga hesabu zote, halafu unaofuata, halafu unaofuata, maelfu kwa maelfu. Hapo ndo masaa yanapoishia. Na kingine walichoangalia ni muda: sahani la Arecibo halikugeuka, anga ndo lilipita juu yake, kwa hiyo kitu cha kweli cha huko nje kilitakiwa kiongezeke nguvu taratibu kisha kipungue ndani ya kama sekunde 12, wakati redio ya jirani au satelaiti inapiga tu muda wote au inakatika ghafla.

Na kelele za kwetu wenyewe ndo adui mkubwa. Wataalamu wa darubini ya Parkes kule Australia walihangaika miaka na mapigo ya ajabu, mwaka 2015 wakagundua ni oveni ya maikroweva ya jikoni kwao, mtu akifungua mlango kabla haijamaliza kupasha chakula. Ndo maana kiashiria kimoja hakimaanishi kitu mpaka kionekane tena sehemu ileile ya anga.

Hatua ya 1: mashine iwe na afya

Usiruke hii. BOINC inaipa prosesa kazi nzito masaa mengi mfululizo, na kama ina ugonjwa itauonyesha wiki ya kwanza. Mi wiki ya kwanza niliiacha laptopu juu ya kitanda, saa saba za usiku ikajizima yenyewe, nikaiwasha ikajizima tena. Nikaifungua kwa bisibisi, kwenye matundu ya kutolea hewa nikakuta vumbi limeshikana kama kipande cha pamba ya mto, unalivuta linatoka zima zima. Nikapuliza kwa bloa huku nimeishika feni kwa kijiti isizunguke (usiiache izunguke kwa upepo wa bloa, inaweza kuharibika), nikaweka pesti mpya ya prosesa (ile ya kusaidia joto litoke). Joto likatoka nyuzi 94 hadi 76 kwa kazi ileile.

Kwa hiyo: safisha feni, weka pesti kama mashine ina miaka zaidi ya mitatu, iweke juu ya meza ngumu na uinyanyue nyuma kidogo, hata vizibo viwili vya soda vinatosha. Weka programu ya kupima joto kama Core Temp au HWMonitor kwa Windows, kwa Linux andika sensors. Kwangu mi mstari ni nyuzi 80. Ikikaa juu ya 85 muda mrefu, punguza kazi. Wanaokaa Dar, Mombasa, Tanga, huko joto la chumba lenyewe ni nyuzi 30 na kitu kuanzia Desemba mpaka Machi, nyie fanyeni kazi usiku tu. Watu wa Arusha, Njombe, Limuru, mna neema.

Ram gigabaiti 4 inatosha kuanza, 8 ni raha. Diski acha nafasi ya gigabaiti 10. Na kompyuta iwe yako. Ya ofisi, ya shule, ya mwajiri, usiweke bila ruhusa ya maandishi, hata kama nia yako ni njema umeme sio wako na mashine sio yako.

Hatua ya 2: piga hesabu ya LUKU kabla, sio baada

Huna haja ya kununua kifaa cha kupimia. Nenda kwenye mita yako ya umeme, utaona taa ndogo nyekundu inakonyeza na pembeni pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Hiyo maana yake ni kukonyeza mara 1000 kwa uniti moja, yani kila mkonyezo mmoja ni uniti moja gawanya kwa elfu. Sasa zima kila kitu ndani, friji, taa, tivii, bakisha laptopu peke yake ikiwa inachapa kazi na betri imeshajaa. Hesabu mikonyezo kwa dakika 6. Idadi hiyo zidisha kwa 10, hapo umepata wati. Mi nilihesabu 4 na wa tano ukawa umekaribia, kwa hiyo ni kama wati 45. Kama mita yako imeandikwa 1600 basi baada ya kuzidisha kwa 10 gawanya kwa 1.6.

Wati 45 kwa masaa 8 ya usiku ni uniti 0.36. Kwa mwezi ni uniti 10.8. Ukinunua umeme kwa bei ile ambayo elfu kumi inakupa uniti 28, hiyo ni kama shilingi 3,850 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani inayokula wati 120 itakuwa karibu uniti 29, yani hiyo elfu kumi nzima. We mwenyewe ujipime. Mimi elfu nne natoa kwa moyo mweupe, lakini kama uko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo angalia sana, ukivuka uniti 75 kwa mwezi utahamishwa na umeme wote wa nyumba utapanda bei, hapo utakuwa umewaumiza na wenzako ndani.

Hatua ya 3: kuweka BOINC

Ingia boinc.berkeley.edu, hapo hapo tu, usichukue kwenye tovuti za kudaunlodi kila kitu. Kwa Windows utaona faili mbili, moja ina VirtualBox ndani yake na nyingine haina. Chukua isiyo na VirtualBox, ni ndogo na kwa kazi za anga huihitaji. Kwa Ubuntu na ndugu zake fungua tamino uandike sudo apt install boinc-client boinc-manager, basi.

Ikimaliza itafunguka dirisha la BOINC Manager. Kabla hujagusa kingine nenda "View" chagua "Advanced View", maana ule muonekano wa kawaida umeficha vitu vingi na utashindwa kufuata hatua zinazokuja.

Hatua ya 4: kuchagua mradi

Bonyeza "Tools" halafu "Add project". Itakuja orodha ndefu, miradi ya dawa, ya hali ya hewa, ya hesabu. Tafuta Einstein@Home, weka imeili na nywila mpya (usitumie ile ya benki wala ya imeili yako), na jina utakaloandika litaonekana hadharani kwa hiyo kama hutaki jina lako kamili weka la utani.

Kazi zake ziko za aina tatu. Kuna za LIGO, ile mitambo ya Marekani iliyonasa mawimbi ya mvutano kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015. Hapa mnatafuta wimbi jembamba la kuendelea kutoka kwenye nyota inayozunguka, na hilo bado hakuna aliyelipata duniani. Kuna za Fermi, setilaiti ya miale ya gama. Na kuna za redio, za Arecibo ya zamani na za MeerKAT. Hizi za MeerKAT ndo zinanigusa zaidi, kwa sababu ni sahani 64 zilizoko Afrika Kusini jangwani Karoo, ni anga linalosikilizwa kutoka bara letu, na tangu mwishoni mwa 2022 mradi wa Breakthrough Listen nao umeunganisha mashine zake palepale kutafuta mawimbi ya viumbe wenye teknolojia, sahani zilezile. Ila kazi za MeerKAT zinahitaji kadi ya picha ya kueleweka. Laptopu ya kawaida kama yangu mara nyingi inapewa za Fermi, na hazina ubaya wowote, Einstein@Home imeshapata makumi ya pulsa, ya kwanza ya redio ilitangazwa Agosti 2010 na ilipatikana kwenye kompyuta za watu wa kawaida, nyumba moja Iowa Marekani na mtu mwingine Mainz Ujerumani, na majina yao yakaingia kwenye ripoti ya kisayansi.

Miradi mingine ya anga: MilkyWay@home inayochora jinsi galaksi yetu ilivyomeza galaksi ndogo, na Asteroids@home ya Prague inayotafuta maumbo ya asteroidi kwa mwanga wao. Faida yao ni kwamba kazi zao zinakula bando kidogo. Anza na mmoja tu. Ukiongeza mitatu siku ya kwanza hutajua nani anakusumbua.

Hatua ya 5: mipangilio, hapa ndo pa kuwa makini

"Options" halafu "Computing preferences". Nakupa zangu na sababu zake.

Kwenye "Use at most ... of the CPUs" weka 50. Chini yake kuna "of CPU time", hiyo iache 100. Wengi wanafanya kinyume, wanapunguza muda wakidhani wanapoza mashine, kumbe programu inakuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na feni nayo inapanda na kushuka usiku kucha hulali. Bora nusu ya prosesa ifanye kazi kwa utulivu.

"Suspend when computer is on battery", tiki. Hii sio ya hiari. Umeme ukikatika BOINC isimamishe yenyewe, betri yako ya mtumba usiitese.

"Suspend when computer is in use", tiki kama ram yako ni 4. Kama ni 8 unaweza kuiacha, mi nasikiliza muziki na kuandika na siihisi, ila nikifungua brauza na tabo ishirini naisimamisha.

"Request tasks to checkpoint at most every", iache sekunde 60 au weka 120. Hii ndo inahifadhi kazi ilipofikia. Watu wa Ulaya wanaambiana waongeze ili kulinda diski, sisi huku hapana, umeme ukikatika ghafla na kompyuta ya mezani haina UPS, kazi itaanzia pale ilipohifadhi mara ya mwisho, hutaki upoteze masaa.

Kwenye "Store at least" weka 0.1 na "additional" weka 0.3. Yani usijirundikie kazi. Kila kazi ina siku ya mwisho kurudishwa, mara nyingi wiki mbili hivi, na ukijaza kazi 40 halafu ukasafiri kwenda kijijini utawachelewesha wenzako, inabidi seva isubiri muda uishe ndo impe mtu mwingine.

Tabo ya "Daily schedules" weka ifanye kazi kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kwa saa ya kompyuta ni 22:00 hadi 6:00.

Tabo ya "Network" ndo ya bando. Kuna "Limit usage to", weka megabaiti 500 kila siku 7 mpaka uone mwenendo. Kazi za LIGO zinaweza kukushushia mafaili makubwa ya data kabla hata hazijaanza, kwa hiyo kama unatumia hotspoti ya simu ingia kwenye akaunti yako kwenye tovuti ya Einstein@Home, sehemu ya mapendeleo ya mradi, uzitoe tiki na kubakisha nyingine. Njia nyingine ninayoitumia: menyu ya "Activity" nachagua mtandao usimame, kompyuta inachapa kazi ilizokwishapokea bila intaneti, Jumamosi nikiwa sehemu yenye waifai nafungua, inarudisha majibu na kuchukua kazi mpya. Kukokotoa hakuhitaji intaneti kabisa, intaneti ni ya kupokea na kurudisha tu.

Hatua ya 6: usiku wa kwanza

Kaa nayo nusu saa. Tabo ya "Tasks" itaonyesha asilimia, muda uliopita na muda uliobaki. Muda uliobaki usiuamini siku za mwanzo, bado inaisoma mashine yako. Angalia joto dakika ya 5, ya 15, ya 30. Likitulia chini ya 80 nenda kalale. Likiendelea kupanda, rudi kwenye ile 50 uifanye 25.

Ukichagua kazi na kubonyeza "Show graphics", zile zenye picha zitakuonyesha tufe la anga lenye makundi ya nyota likizunguka taratibu na alama inayoonyesha sehemu inayotafutwa. Usiiache hiyo picha iendelee, nayo inakula nguvu, lakini siku ya kwanza itazame, na kama una watoto waite. Mpwa wangu wa miaka tisa aliuliza "mjomba hapo ndo wanapokaa?" nikamwambia hapo ndo tunapouliza.

Kama una simu tu

BOINC ipo pia kwa Android. Kwa kawaida inafanya kazi simu ikiwa kwenye chaja, betri ikiwa imejaa vya kutosha, na ikiwa kwenye waifai. Mi ushauri wangu, simu unayoitegemea kwa miamala na mawasiliano iache. Tumia ile simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka iliyoko kwenye droo, itoe kava, iweke sehemu ya upepo, na ukiona betri imeanza kuvimba hata kidogo itoe kwenye chaja saa hiyohiyo usiitumie tena.

Ila kuna njia nyingine ya kuchangia kwa macho yako badala ya prosesa, na hii kwa kweli ndo iliyo karibu zaidi na kutafuta viumbe wenyewe kwa sasa. Ingia tovuti ya Zooniverse, kule Februari 2023 watu wa UCLA (Chuo Kikuu cha California pale Los Angeles) walizindua mradi unaouliza kama tuko peke yetu ulimwenguni, wanakuonyesha picha za mawimbi yaliyorekodiwa na darubini ya Green Bank ya mita 100 kule West Virginia, we unasema huu mstari umenyooka, huu umelala, huu umevunjika vipande, na majibu yenu yanatumika kuifundisha kompyuta kutofautisha uchafu wa redio za kwetu na kitu kisicho cha kawaida. Ukikuta hawana picha za siku hiyo nenda Planet Hunters TESS, unatafuta mwanga wa nyota unaofifia kidogo pale sayari inapopita mbele yake. Inakula bando dogo na inafunguka hata kwenye simu ya kawaida.

Ukitaka kuacha

Usifute programu ghafla kazi zikiwa ndani. Nenda tabo ya "Projects", bonyeza "No new tasks", acha zilizopo ziishe na zirudi, kisha "Update", kisha "Remove". Baada ya hapo ndo uitoe kwenye mashine. Kama laptopu imeharibika ghafla na huwezi, basi usijali, seva itasubiri muda uishe na kumpa mtu mwingine.

Baada ya wiki moja au mbili

Ingia kwenye akaunti yako kwenye tovuti ya mradi ufungue orodha ya kazi zako. Mwanzoni utaona "waiting for validation" usifikiri umekosea. Kipande kimoja kwa kawaida hupewa watu wawili wasiojuana, na jibu halikubaliwi mpaka yalingane, kwa sababu kompyuta ikiwa na joto sana au ram mbovu inaweza kutoa jibu la uongo bila mwenyewe kujua. Ukipata "invalid" nyingi rudi Hatua ya 1, mashine yako inaumwa.

Yangu ya kwanza ilikaa hivyo siku tano. Siku ya sita ikabadilika, nikabonyeza namba ya kipande nikakuta mistari miwili, wa kwangu na wa mashine ya mtu mwingine ya Linux yenye prosesa ya thread 32, yani inaweza kufanya kazi 32 kwa mpigo. Yake ilimaliza kwa saa moja na kitu, yangu ilichukua masaa tisa na umeme ulikatika mara mbili katikati. Majibu yakalingana, na pointi tukapewa sawasawa.